WOSIA WA MUISLAMU: KARATASI MOJA, MILANGO MIWILI



Leo naomba tuongelee kitu ambacho vijana wengi tunakikwepa tukidhani ni cha wazee: wosia. Hasa wosia wa Muislamu huku kwetu Kibiti, Rufiji na vijiji vya delta, kuanzia Nyamisati na Salale mpaka Mbuchi na Msala.

Kwa nini nakuandikia wewe kijana uliyekaa kwenye kompyuta muda huu? Kwa sababu mzee akiamua kuandika wosia, mara nyingi haanzi kwa wakili. Anakuita wewe uliyemaliza fom foo. "Njoo na kalamu, mwanangu, niandikie maneno yangu." Unaandika, anaweka dole gumba, karatasi inakunjwa inaingia chini ya godoro. Siku anafariki, arobaini ikishapita, ndo maneno yanaanza. Karatasi inatolewa, shekhe anasema hii haifai, hakimu naye anasema hii haifai. Familia iliyokula sahani moja miaka yote inaanza kusalimiana kwa shingo upande.

Na usidhani ni suala la wazee tu. Mauaji yaliyotokea Kibiti, Rufiji na Mkuranga hadi mwaka 2017 yaliacha wajane na watoto wadogo. Boti haichagui umri, pikipiki ya barabara ya Kilwa ndo kabisa. Ukiwa na mke, mtoto, shamba au deni, tayari una la kuandika.

Hoja yangu leo ni moja. Wosia wa Muislamu Tanzania Bara unapita milango miwili. Mlango wa kwanza ni sharia ya dini, ambayo inasema NANI ANAPATA NINI. Mlango wa pili ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo inasema NANI ANARUHUSIWA KUSHIKA MALI NA KUIGAWA. Karatasi inayopita mlango mmoja tu ina mushkeli. Uzuri ni kwamba karatasi moja inaweza kupita yote miwili, na si kazi kubwa.

MLANGO WA KWANZA: SHARIA

Tuweke sawa jambo ambalo wengi wanalikosea. Katika Uislamu wosia SIO kugawa urithi. Urithi umeshagawiwa, fungu la kila mmoja lipo kwenye Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12. Mzee hana mamlaka ya kusema "nyumba nampa Fulani, wengine msahau". Kazi ya wosia ni nyingine kabisa.

Mtu akifa, mali yake inapita hatua nne, na mpangilio huu haurukwi:

1. Gharama za mazishi: sanda, kaburi na mengineyo ya lazima.
2. Madeni. Deni la dukani, deni la VICOBA, amana za watu, na mahari ambayo mke hajamaliziwa. Ndiyo bwana, mahari iliyobaki ni deni! Mke anaidai kwanza kama mdai yeyote, halafu ndo anakuja kuchukua fungu lake la urithi.
3. Wosia, usiozidi theluthi moja ya kilichobaki.
4. Urithi, kwa mafungu yaliyowekwa.

Hiyo theluthi inatoka wapi? Saad bin Abi Waqqas aliugua, akataka kutoa sehemu kubwa ya mali yake sadaka, maana wakati ule mrithi wake alikuwa binti mmoja tu. Mtume (S.A.W.) akamkatalia mpaka wakafika theluthi, na akamwambia hata hiyo theluthi ni nyingi. Kwa hiyo theluthi ni ukomo, si lazima uifikie.

Sharti la pili: theluthi hiyo haiendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi. Mke, mume, mtoto, baba na mama wana mafungu yao. Ukimuusia mrithi, au ukizidisha theluthi, inasimama mpaka warithi wengine waridhie baada ya wewe kufa. Wakikataa, imekwisha.

Na sharti la tatu, ambalo wazee wenye hasira hawalipendi: huwezi kumnyima mrithi. "Huyu si mwanangu tena, asipewe kitu," hiyo haina nguvu kwenye sharia.

TUPIGE HESABU

Mfano huu ni wa kutunga, lakini familia ya namna hii ipo kila kijiji. Mzee ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Wazazi wake walishatangulia. Alikuwa na mtoto mwingine wa kiume aliyefariki kabla yake, akaacha yatima wawili. Mali yote ikithaminishwa inafika shilingi 40,000,000.

Mazishi yamekula 1,000,000. Mahari iliyobaki ni 500,000. Deni la mashine ya boti ni 2,500,000. Jumla 4,000,000, zinabaki 36,000,000.

Theluthi ya 36,000,000 ni 12,000,000. Hapo ndo mwisho wake. Mzee ameusia wale wajukuu yatima wapewe 3,000,000 kila mmoja, na kisima cha madrasa kipewe 2,000,000. Jumla 8,000,000, yupo ndani ya mstari. Zinabaki 28,000,000 za urithi.

Mke, kwa kuwa mume ameacha watoto, anapata thumni, yaani moja ya nane: 3,500,000. Zinabaki 24,500,000 za watoto. Mvulana anahesabiwa mafungu mawili, msichana fungu moja. Wavulana wawili ni mafungu 4, wasichana watatu ni mafungu 3, jumla 7. Fungu moja ni 3,500,000. Kila binti 3,500,000, kila mvulana 7,000,000. Jumlisha mwenyewe uone, inarudi 28,000,000 kamili.

Angekuwa na wake wawili, ile thumni moja wangegawana wao wawili. Haiwi thumni kila mmoja. Na kama hakuacha mtoto wala mjukuu wa mtoto wa kiume, mke anapata robo. Mke naye akifa akaacha mtoto, mume anapata robo, na kama hakuacha, nusu.

NANI HASA ANAHITAJI WOSIA WAKO?

Rudi kwenye wale yatima wawili. Bila wosia wangepata ngapi? SIFURI. Baba yao alikufa kabla ya babu, na baba zao wadogo wapo hai, kwa hiyo wanawazuia. Hapo ndo utaelewa wosia umewekwa kwa ajili ya nani. Mkeo na watoto wako mafungu yao yapo hata ukifa bila kuandika mstari mmoja. Wanaokutegemea wewe uandike ni wale wasio na fungu:

- Mjukuu yatima aliyetangulizwa na baba yake.
- Mtoto wa kulea. Umemlea tangu mchanga, anakuita baba, lakini si mrithi.
- Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Kwa dini anamrithi mama yake, baba hamrithi. Baba anaweza kumuusia ndani ya theluthi.
- Mke, mzazi au ndugu asiye Muislamu. Harithi, lakini anaweza kuusiwa.
- Dada au shangazi aliyekuuguza miaka mitatu, na watoto wako wa kiume wapo.
- Msikiti, madrasa, kisima, zahanati.

Kuhusu mtoto wa nje ya ndoa kuna jambo la kuangalia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 10, inasema mtu asimnyime mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi wake. Maana yake mama wa mtoto anaweza kufika mahakamani. Mzee aliyetumia theluthi yake kumwandikia mtoto huyo kwa jina, ametimiza dini na amewapunguzia wanawe safari za mahakamani. Aliyenyamaza kwa aibu amewaachia vita.

MLANGO WA PILI: MAHAKAMA YA MWANZO

Wengi wanaamini ukishakaa na shekhe, mkapiga hesabu, mkaandikiana, mambo yameisha. Kwa ng'ombe na nyavu mkikubaliana, sawa. Lakini nenda benki na karatasi ya shekhe uone! Watakuuliza kitu kimoja: barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani iko wapi?

Huku Bara hatuna mahakama ya kadhi ya serikali. Enzi za mkoloni pwani ilikuwa na maliwali na makadhi, mfumo ule ukaondolewa mahakama zilipounganishwa kwa sheria ya mwaka 1963. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wao wanazo, ni sehemu ya mahakama za Zanzibar, na ndo maana jamaa yako wa kule akikwambia "kwetu kadhi anamaliza", hadanganyi. Huku kadhi wa BAKWATA anaweza kukupigia hesabu, kusuluhisha na kukushauri, na ni jambo jema. Amri ya kuilazimisha benki hana.

Anayetoa amri ni Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, jedwali la tano, inaipa mamlaka ya kushughulikia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila. Unafungua pale marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu. Lugha ni Kiswahili, na huhitaji wakili kufungua.

Sasa shika hapa vizuri. Sheria inasema mirathi inayofuata Uislamu AU mila. Hakimu anajuaje huyu marehemu afuate ipi? Jina la Juma peke yake halitoshi. Mahakama inaangalia mambo mawili: namna marehemu alivyoishi, na nia yake, yaani alisema au aliandika nini kuhusu mali yake. Upande mmoja wa ukoo unaweza kuja na hoja ya dini, upande wa pili ukaja na hoja ya mila, kila mmoja anavutia kwake.

Tofauti yake si ndogo. Kanuni za mila zilizochapishwa na serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zinamwacha mjane bila fungu pale ndugu wa mume wapo, na mabinti wanawekwa daraja la mwisho. Si kila kitu cha kanuni zile kinaihusu Rufiji, lakini mtu akisimama kudai mila, mjane ndo wa kwanza kutetemeka. Kwenye sharia thumni yake ipo, hakuna shemeji wa kuigusa.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa wosia unatakiwa usomeke hivi: mimi ni Muislamu, nimeishi Kiislamu, na nataka mali yangu igawiwe kwa sharia ya Kiislamu. Huo mstari mmoja ni ushahidi wa nia. Unafunga mjadala kabla haujaanza.

MASHAHIDI: WEKA WANNE

Qur'an kwenye Surat Al-Maida aya ya 106 inataja mashahidi wawili waadilifu kwenye wosia. Zile kanuni za mila za 1963 nazo zina kipimo chao: mwandishi wa wosia akijua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma, wasipungue wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Wosia wa mdomo pia wanne.

Ushauri wangu: usihangaike kujua kipimo kipi kitatumika. Weka wanne wanaojua kusoma. Wawili wa ukoo, wawili baki, na ndani yao wasikose wanaume wawili Waislamu watu wazima wanaoaminika. Wote wawepo pamoja mzee anapoweka sahihi au dole gumba, na wote wamwone. Anayerithi au aliyeusiwa asiwe shahidi. Wa ukoo maana yake mtafute binamu au mjomba ambaye hapati kitu pale.

Mke akiwepo nyumbani siku hiyo, atie sahihi pembeni kwamba alikuwepo na amesikia, lakini msimhesabu kwenye wale wanne.

Na wewe kijana uliyeitwa kuandika? Kama ni mtoto wa mzee, wewe ni mrithi. Kesho nduguzo watasema ulijiandikia. Mtafute mtu baki aandike, wewe kazi yako iwe kumwelekeza mambo haya.

MALI ZA HUKU KWETU

Hapa ndo wosia mwingi unakwama, maana mali zetu nyingi hazina karatasi. Mwaka 1968 na 1969 Operesheni Rufiji ilihamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Mpaka leo kuna familia nyumba ipo kijijini, shamba la mpunga lipo bondeni, na mpaka wake anaujua mzee peke yake. Akifa, mpaka umekufa naye. Wosia unaweza kuwa karatasi ya kwanza kabisa kutaja shamba hilo. Basi taja kila kitu:

Shamba. Lipo kitongoji gani, ukubwa wa kukadiria, limepakana na nani pande zote nne. Kama lina hati ya hakimiliki ya kimila, andika namba yake. Likisharithiwa, taarifa ipelekwe ofisi ya kijiji warekebishe kumbukumbu.

Minazi na mikorosho. Pwani miti inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Usiandike tu "shamba langu la minazi". Andika: ardhi na minazi yote ni yangu, au minazi yangu, ardhi ya Fulani.

Mashamba ya ndani ya mikoko. Hapa tuambiane ukweli ndugu zangu wa delta. Mikoko ni msitu wa hifadhi tangu enzi za Mjerumani. Kulima mpunga humo miaka thelathini hakukufanyi uwe mwenye ardhi, na usichomiliki huwezi kumuusia mtu. Andika mazao yaliyo shambani, dungu na vifaa. Ardhi yenyewe usiiweke.

Chombo, mashine, nyavu. Mnashirikiana? Taja fungu lako na la mwenzako. Mtumbwi wa wawili ukiandikwa wote wa marehemu, umemdhulumu aliye hai.

Mali ya mke. Hii naomba isomwe mara mbili. Mke aliyenunua kiwanja kwa hela yake ya maandazi au ya kamba, kiwanja ni chake. Hakiingii kwenye mirathi ya mume hata kidogo. Kama mlijenga pamoja, fungu lake litoke kwanza, halafu thumni ihesabiwe kwenye kile cha mume tu. Mzee asiyeandika hili anamfanya mkewe arithi moja ya nane ya jasho lake mwenyewe.

Hela ya benki, ya kwenye simu na ya korosho iliyoko AMCOS. Zote ni mirathi. Kujua namba ya siri ya simu ya marehemu hakukupi haki ya kutoa hela ukakaa kimya. Hata jina lako likiandikwa kama mtu wa karibu kwenye SACCOS, kwa sharia wewe ni mpokeaji kwa niaba ya warithi.

Mafao ya NSSF na mifuko mingine. Yale ya wategemezi yana utaratibu wake wa sheria ya mfuko, wosia hauyapangi. Andika tu namba ya uanachama ili familia ijue pa kwenda.

HIBA SIYO WOSIA

Mzee anasema, "Hii nyumba nimempa binti yangu, lakini nitakaa mwenyewe mpaka nife, ndo aichukue." Hiyo siyo zawadi. Ni wosia kwa mrithi, na kaka zake wakikataa haipiti. Hiba ni kutoa ukiwa hai na mzima, na kukabidhi kweli: mpe, apokee, ashike, watu washuhudie, kijiji kijue. Na zawadi inayotolewa kwenye ugonjwa wa mwisho inahesabiwa kama wosia, inarudi kwenye theluthi. Anayetaka kumpa mtu ampe mapema, na awe mwadilifu kwa watoto wake.

MANENO YA MTAANI YANAYOPOTOSHA

"Una mhuri wa mwenyekiti, umekamilika." Mhuri unasaidia kuonyesha mahali na siku. Hauugeuzi wosia uliovunja sharia kuwa halali.

"Muhtasari wa kikao cha ukoo ni lazima kisheria." Mahakama nyingi zinauomba na ni vizuri muwe nao, lakini ni utaratibu uliozoeleka. Ndugu mmoja kugoma kukaa kikao hakuzuii mirathi kufunguliwa.

"Msimamizi ndo mwenye mali." Hapana! Msimamizi ni mtumishi wa warithi. Anatakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na hesabu ya ugawaji ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Akijichukulia, mrithi yeyote anaweza kwenda kwa hakimu kuomba aondolewe.

"Ameshaachwa huyo, harithi." Kama ni talaka rejea na eda haijaisha, anarithi.

MFANO WA WOSIA

Huu unaweza kuuchukua ukabadilisha kulingana na hali ya mzee wako:

"Bismillahir Rahmanir Rahim. Mimi ........ bin ........, mkazi wa kijiji cha ........, wilaya ya Kibiti, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, leo tarehe ........ naandika wosia wangu. Nafuta wosia wote niliowahi kutoa kabla.

1. Mimi ni Muislamu, nimeishi Kiislamu. Nataka nizikwe Kiislamu na mali yangu igawiwe kwa sharia ya Kiislamu.
2. Wake zangu ni: ........ Watoto wangu ni: ........ (andika wote, wa kila mke, popote walipo). Wazazi wangu walio hai: ........
3. Mali zangu ni: ........ Mali zilizopo kwangu ambazo ni za mke wangu au za watu wengine ni: ........
4. Nadaiwa na: ........ Ninawadai: ........ Mahari iliyobaki ya mke wangu ........ ni shilingi ........
5. Baada ya mazishi na madeni, ndani ya theluthi ya mali yangu, nausia: ........ apewe ........; ........ apewe ........ Vikizidi theluthi, vipunguzwe kwa uwiano.
6. Kilichobaki wapewe warithi wangu wote kwa mafungu ya sharia.
7. Namteua ........ kuwa msimamizi wa mirathi yangu. Akishindwa, awe ........
8. Mlezi wa watoto wangu wadogo na mtunzaji wa mali zao awe ........

Sahihi au dole gumba la mwusia. Majina, makazi, uhusiano na sahihi za mashahidi wanne. Jina na sahihi ya mwandishi. Sahihi ya mke aliyekuwepo."

Namba 2 ndo inayowatoa jasho wanaume. Mzee ana mke Nyamisati na mwingine Kilindoni, na wa huku hamjui wa kule. Bora aandike. Wa pili atakuja tu siku ya msiba, na fungu lake lipo pale pale.

KUANDIKA NA KUHIFADHI

Kwa mkono ni vizuri, tumia kalamu ya wino, usitumie penseli. Ukikosea usifute kwa rangi nyeupe, andika upya. Kila ukurasa usainiwe.

Ukichapa kwenye kafe, sawa pia, lakini sahihi na madole yawekwe kwa mkono kwenye karatasi mbele ya mashahidi. Ukimaliza futa faili kwenye ile kompyuta, na kwenye sehemu ya vilivyofutwa pia. Siri za mzee wako si za kumwachia anayekaa kiti hicho baada yako.

Usiweke nakala moja chini ya godoro. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, maji hayakuuliza kabati la nani lina nini. Nakala moja akae nayo mwusia, moja msimamizi, moja sehemu salama. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, inaandika na kuhifadhi wosia tangu miaka mingi sasa. Wakili na benki pia wanahifadhi. Familia iambiwe upo wapi, hata kama haiambiwi umeandikwa nini.

Na siku ikifika, mpangilio ni huu: pateni cheti cha kifo, kaeni kikao, nendeni Mahakama ya Mwanzo na wosia, jazeni fomu ya maombi, mahakama itangaze ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha msimamizi akabidhiwe barua. Ndo akusanye, alipe madeni, atoe wosia, agawe. Mkikwama, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure, akikuomba hela shtuka.

Hesabu ya mafungu ikiwa ngumu, maana kuna kesi zenye mama, baba, wajukuu na ndugu wengi, mpelekeeni shekhe anayejua mirathi. Halafu hakimu apewe hesabu hiyo. Milango miwili, kila mlango na mwenye ufunguo wake.

Wadau nisiwachoshe. Kama upo kafe, mwambie jamaa akuchapishie kurasa hizi, mpelekee mzee na bi mkubwa. Si lazima uzungumzie kifo chao. Anza na swali dogo tu: "Baba, mpaka wa shamba letu la bondeni unapita wapi?" Akianza kukuonyesha miti na majina ya majirani, chukua kalamu.

Mwenye swali au aliyepitia mahakamani hivi karibuni aandike hapo chini tuelimishane. Majina ya watu msiweke, tafadhali.

Naomba kuwasilisha.